Khalaf wa Leipzig

Safari zote za maisha yake Bi Asya aliamuliwa na watu. Unguja aliondoshwa na baba yake, akiwa msichana, mwaka ule wa mapinduzi. Dubai alipelekwa na ami zake. Ibra ya Oman aliletwa na mume. Hii ya Ujerumani aliiamua mwenyewe, na umri wake ulikuwa umeshapita sabini, na magoti yake hayakuweza tena kupanda ngazi bila ya kusimama kupumzika.

Sababu ilikuwa kaka yake. Khalaf alikwenda kusoma Leipzig, upande wa Ujerumani uliokuwa ukiitwa wa Mashariki, mwaka mmoja kabla ya nchi kupinduka. Barua zake zilikuwa zikija nyumbani kwao Malindi, mtaa wa mjini Unguja. Kisha nyumba ya Malindi ikawa si yao tena, na barua zikakosa pa kwenda. Walipokuwa Dubai mtu mmoja mpita njia aliwaambia wazee kuwa kijana wao amekufa huko huko kwa maradhi ya kifua. Hakujua lini, wala amezikwa wapi. Mama yao alisikia, akaendelea kupeta mchele. Tangu siku hiyo jina la Khalaf halikutajwa nyumbani isipokuwa kwenye dua.

Ghaniya, binti wa Bi Asya, alikua akijua tu kuwa ana mjomba aliyekufa Ulaya. Hakuwa akimfikiria. Alikuwa mfamasia hospitalini Ibra, ana kazi yake na nyumba yake ya kuangalia. Lakini mwaka huu alihamia hapo mfamasia mwengine kutoka Sur, jina lake Dalal, na siku moja wakinywa chai Dalal akasema, kwa kupitisha maneno tu, kuwa baba yake alisoma Leipzig zamani. Jioni Ghaniya akamhadithia mama yake. Bi Asya alikuwa akikata bamia. Akaweka kisu chini.

"Nipeleke," alisema.

Ijumaa wakaenda Sur, wakavuka daraja mpaka Aija, nyumbani kwa Ammi Hamdun, baba yake Dalal. Walimkuta barazani, mzee mrefu aliyepofuka jicho moja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi kama ya sikukuu. Ghaniya akamwamkia, "Shikamoo, ammi," naye akaitikia marahaba. Kahawa ikaletwa na halua, lakini Bi Asya hakugusa.

"Ulimjua Khalaf?" aliuliza. "Mtoto wa Malindi. Ana kovu hapa, juu ya nyusi."

Ammi Hamdun aligeuza uso wake kwenye sauti.

"Nilimwosha mimi," alisema.

Akawahadithia. Walisafiri pamoja, wakasoma lugha pamoja, wakalala bweni moja. Khalaf alipougua hakutaka kubaki bwenini, akihofia kuwaambukiza wenzake. Akapata chumba kwa bibi kizee wa Kijerumani, kusini ya mji, juu kabisa ya nyumba.

"Nikenda kumtazama nikimkuta amekaa dirishani. Akikohoa huziba mdomo kwa kikoi, asimsumbue yule bibi. Hata siku ya mwisho, roho inamtoka, aliziba mdomo."

"Mlimzika wapi?"

"Makaburi makubwa ya huko huko kusini. Waislamu tulikuwa wachache, wawili Wairaki. Ardhi imeganda kwa baridi, shoka haliingii. Kibla tulikikisia kwa jua, na jua lenyewe halikuonekana."

Bi Asya alimshukuru, akamwombea heri na umri, akaaga. Walipofika Al Kamil, penye njia ya kukatia Ashkhara, ndipo aliposema:

"Tafuta tikti."

* * *

Binti wa Ghaniya, Abeer, alikuwa anasoma chuo Nizwa na huja Ibra mwisho wa wiki. Yeye ndiye aliyejua mambo ya kukodi nyumba kwa simu. Akakaa sebuleni baina ya mama na bibi, akawaonyesha picha.

"Bibi, angalia. Hii hoteli iko karibu na stesheni. Kila kitu iko hapo hapo. Fatur, chakula cha asubuhi, lifti, kila kitu."

Ghaniya aliipenda hoteli ile. Treni inawashusha mlangoni, tramu zote za mji zinapita hapo, na ukichoka unarudi kulala. Lakini Bi Asya aliichukua simu mkononi, akawa anazisukuma picha kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayechambua dengu.

"Si hii," akisema. "Si hii. Hii si hii."

Akasimama kwenye moja. Ilikuwa picha ya chumba cheupe, chenye dirisha refu la vioo viwili, na chini ya dirisha kibao kipana ambacho mtu anaweza kukalia.

"Hapa."

"Bibi, hii ghorofa ya nne. Mafi lifti, hamna! Na iko baid sana, mbali na mji."

"Mama, magoti yako," alisema Ghaniya.

"Magoti yangu n'nayajua mie. Tutakaa hapa."

"Kwa nini hapa?"

"Anatwambia tukae karibu."

Ghaniya hakuuliza ni nani anayesema. Mama yake hakuwa mtu wa ramli wala wa mashetani. Alikuwa mtu wa sala tano na saumu ya Jumatatu, na mara nyingi amewatoa mbio wanawake waliomletea habari za majini. Ghaniya akajiambia ni utu uzima. Abeer akabonyeza, nyumba ikawa yao kwa wiki moja.

* * *

Ulikuwa mwezi wa Oktoba. Walishuka Frankfurt, wakapanda treni, wakafika Leipzig mchana wenye mvua nyepesi isiyolowesha wala kukoma. Stesheni ilikuwa kubwa kuliko msikiti wowote waliowahi kuuingia, na watu humo walikwenda kila mmoja kama aliyechelewa. Abeer alinunua tikti za siku nzima kwenye mashine, akazigonga muhuri kwenye kisanduku, maana alisoma kwamba tikti isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo. Nje tramu zilipishana, za buluu na manjano, zikilia juu ya reli kila zinapokata kona.

Yao ilijaa. Bi Asya alipata kiti cha watu wawili, akakaa upande wa njia, upande wa dirisha akauacha wazi. Ghaniya alidhani mama yake anamwekea yeye. Alipotaka kupita, Bi Asya akamzuia kwa mkono.

"Simama kidogo, mwanangu."

Kila kituo watu waliongezeka. Walishikilia vyuma, walibanana na miavuli yao na mikoba ya mgongoni. Palikuwa na mama mjamzito, palikuwa na mzee mwenye bakora. Hakuna aliyekiomba kile kiti. Macho yao yalikipita, kama yanavyokipita kiti chenye mtu. Ghaniya alianza kusikia ubaridi mgongoni, akasingizia mvua.

Simu ya Abeer ilikuwa inahesabu vituo. Mara Bi Asya akainuka.

"Hapa."

"Bibi, la, bado! Bado vituo mbili."

Lakini alikuwa ameshafika mlangoni, na wao na masanduku yao wakalazimika kumfuata. Tramu ikaondoka. Bi Asya akavuka barabara, akaingia kwenye ujia uliopita baina ya nyumba mbili ndefu, ujia ambao Abeer hakuuona kwenye ramani yake. Alikwenda bila ya kugeuka. Yeye ambaye Ibra hawezi kwenda kwa jirani bila ya kushikwa mkono, hapa alikwenda juu ya mawe yaliyoloa kama msichana aliyetumwa dukani. Ujia ukawatoa kwenye uwanja wenye miti, na ng'ambo ya uwanja, mlango wa kijani, na namba iliyokuwa kwenye simu ya Abeer.

Abeer alikuwa amesimama katikati ya majani yaliyopukutika, simu mkononi, mdomo wazi.

"Mama," alimnong'oneza Ghaniya, "Bibi amejuaje?"

Ghaniya akamuuliza.

"Nimemfuata," alisema Bi Asya, huku akihema. "Hamkumwona? Alikuwa mbele yetu tangu tuliposhuka."

* * *

Chumba kilikuwa kisafi, kina joto, kina kila kitu kilichoonyeshwa kwenye picha. Mwenye nyumba, Bi Lindner, alikaa mtaa mwengine na aliacha funguo ndani ya kisanduku. Bi Asya alipumzika ngazini kila ghorofa, na alipofika juu akenda moja kwa moja kwenye kile kibao cha dirisha, akakaa. Hapo ndipo alipoweka makao yake. Akila hapo, akivuta tasbihi yake hapo.

Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, Ghaniya alikuwa anaosha vyombo aliposikia mtu anapanda ngazi nje. Akikanyaga taratibu. Kila akifika mahali pa kugeukia anasimama, anakohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa kimezibwa, cha mtu aliyejifunika kitambaa mdomoni asije akawaudhi waliomo ndani. Hatua zikaja mpaka mlangoni kwao, zikasimama.

Ghaniya alingoja kengele. Haikulia. Akaenda, mikono imejaa povu, akafungua mlango.

Hapakuwa na mtu. Ngazi zilishuka tupu mpaka chini, na mwanga wa mchana uliingia kwa dirisha dogo ukaonyesha kila kipande cha ukuta.

Alipofunga mlango na kugeuka, mama yake alikuwa amesogea pembeni kwenye kile kibao cha dirisha. Amejikunja upande mmoja kuacha nafasi, na anazungumza kwa sauti ya chini. Ghaniya hakuwahi kumsikia akisema Kiswahili kama kile. Kilikuwa Kiswahili cha msichana mdogo, cha kudeka na kulalamika, cha mtu ambaye kuna mkubwa wake karibu.

Akaingia chumba cha kulala, akasoma Ayatul Kursiy. Abeer alikuwa kitandani, amevuta shuka mpaka kidevuni ingawa ulikuwa mchana.

"Mama, na mimi nimesikia," alisema Abeer. "Twende hoteli. Ile ya stesheni. Wallahi mimi iko naogopa."

"Kesho tunakwenda makaburini," alisema Ghaniya. "Tukishamzuru, tutahama."

* * *

Makaburi yalikuwa kama msitu uliopandwa na mtu mwenye adabu. Njia zake zilifagiwa, miti yake mirefu, na makaburi yenyewe yana maua kama vibustani. Getini palikuwa na ofisi. Mwanamke mmoja wa makamo aliwapokea vizuri, akawapa viti, na kwa Kiingereza akazungumza na Abeer. Abeer akamtajia jina na mwaka. Mwanamke akatafuta kwenye kompyuta, akaingia chumba cha nyuma, akarudi. Akasema maneno mengi kwa sauti ya upole, na Ghaniya, aliyejua Kiingereza cha kutosha, alimwona binti yake akibadilika rangi kabla hajayapata yote.

Kwao kaburi hukodiwa. Hutolewa kwa miaka maalumu, na miaka ikisha, jamaa wa maiti huja kuomba iongezwe. Kama hakuna anayekuja, mahali hapo hupewa mwengine. Khalaf alikuwepo. Jina lake lilikuwemo daftarini, yeye na mji wake, Zanzibar. Muda wake ulipokwisha hakuja mtu. Sasa pale amelala Mjerumani mmoja na mkewe.

Mwanamke akasema anasikitika. Akawaonyesha kwenye ramani ya makaburi ni upande gani.

Bi Asya alikuwa amekaa, mkoba mapajani, anawatazama mmoja mmoja.

"Wanasemaje?"

Abeer alimvuta mama yake mkono. "Usimwambie," alisema kwa Kiarabu, haraka haraka. "Tumpeleke kule kwenye majani, pale chini ya mti. Mwambie ni pale. Yeye atajua nini?"

Ghaniya alilifikiri jambo hilo. Aliwaza jinsi mama yake atakavyokaa chini ya ule mti, akasome Yasin yake, akalie, kisha warudi Ibra mzigo umetuliwa. Uongo ule haungemdhuru mtu. Akafungua mdomo kuusema, na mama yake akamtangulia.

"Hayupo," alisema Bi Asya.

Ghaniya akamgeukia.

"Angekuwa amelala hapa, ningemwona vipi kwenye tramu?" Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayewaeleza watoto hesabu nyepesi. "Wamemtoa. Sivyo? Wamempa mtu pahala pake."

"Ndiyo, mama."

"Ndo maana." Akashusha pumzi. "Miaka yote hii mtu anazunguka mji. Anapanda hapa, anashuka pale. Hana pa kukaa."

Walikwenda hata hivyo mpaka upande waliooneshwa. Walisimama mbele ya jiwe la watu wasiowajua, lenye maua ya zambarau yaliyomwagiliwa asubuhi ile. Bi Asya alisoma Fatiha, akawasomea na wale waliokuwemo ndani, kwani alisema hawana kosa. Hakulia. Aliyelia alikuwa Abeer.

* * *

Waliporudi, Abeer alipata ujumbe kwenye simu kutoka kwa Bi Lindner. Akawasomea. Bi Lindner alisema anatumai wanastarehe. Lakini waliandikisha watu watatu, na jirani wa chini amemwambia wako wanne: wanawake watatu na kijana mmoja mwembamba. Hakuna ubaya, alisema, kitanda cha ziada kimo kabatini, ila sheria ya mji inamtaka amwandikishe kila mgeni kwa jina lake. Je, kijana huyo anaitwa nani?

Radiata, lile chuma la kutia joto, ilikuwa inagonga gonga ukutani.

"Mjibu," alisema Bi Asya.

"Nimwambie nini, Bibi? Nimwambie jirani amekosea?"

"Mwandikishe. Khalaf. Mwambie ni kaka yangu."

Abeer alimtazama mama yake, na Ghaniya, bila ya kujua kwa nini, akaitikia kwa kichwa. Msichana akaandika. Kisha akafungua kabati, akatoa kile kitanda cha kukunja, akakitandika chini ya dirisha na kukinyoosha shuka pembe zote nne. Maneno ya kuhamia hoteli hayakutajwa tena.

Siku zilizobaki, Bi Asya hakutaka kuona makumbusho wala maduka. Alitaka tramu. Kila asubuhi alichukua tikti yake ya siku nzima, akaigonga mwenyewe kwenye kisanduku, akapanda. Alikwenda mpaka mwisho wa njia, kwenye mashamba na viwanda vilivyofungwa, akarudi mpaka mwisho wa pili. Ghaniya alikwenda naye. Akikaa kiti cha nyuma yao. Kwenye akili yake alishaanza kusema hivyo, "nyuma yao," na aliposhtuka kuwa anasema hivyo hakujirekebisha.

Siku ya kwanza Bi Asya alisema maneno machache tu, kisha akawa anasikiliza. Aliposhuka jioni uso wake ulikuwa umeanguka.

"Hataki," alimwambia Ghaniya. "Nimemwambia twende nyumbani. Akanambia, Malindi? Nikamwambia, hapana, Ibra. Akanuliza, Ibra ni wapi?" Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Hakupajua, masikini. Alipoondoka, nyumbani palikuwa Malindi. Hapa angalau tramu anazijua."

Siku ya pili yake akabadilisha maneno. Ghaniya alikuwa ameegemeza kichwa kiooni, mvua inateremka upande wa pili, aliposikia mama yake akianza kuhadithia kitu ambacho yeye, mwanawe wa kumzaa, hakuwahi kuhadithiwa.

"Na sisi hatukupajua, kaka. Unafikiri mimi n'likuwa napajua? N'liletwa usiku, juu ya gari la mizigo, na ng'ombe mmoja na majamvi. Asubuhi nikatoka nje, n'naangalia, majabali matupu. Hapana bahari. Nikamuuliza mume wangu, bahari iko wapi, akacheka. Maji tukiteka kwenye falaji, mfereji wao wa maji. Umeme hapana. Watu wa pale ni jamaa zetu, damu moja, lakini nikifungua mdomo wanacheka Kiarabu changu. Watoto wakinifuata nyuma wakiita, Zinjibari, Zinjibari. Miaka nililia, kaka. Nikipika mchuzi wa nazi nalia, nazi yenyewe ya unga. Nikasema, nitakufa hapa na hapana atakayejua mie ni nani."

Tramu ikasimama, watu wakashuka, wengine wakapanda, wote wametia macho kwenye simu zao. Hakuna aliyemtazama bibi mwenye baibui anayezungumza na kiti.

"Kisha nikazaa. Jirani akaja na ubuyu sijui kautoa wapi. Mwengine nikajua kuwa mamake alitoka Pemba. Siku moja nikajikuta n'natoka Maskati, tumepita Samail, mitende ile, na moyo wangu unasema, karibu tutafika. Nikashangaa. Moyo unafika wapi? Kumbe unafika Ibra. Sikwambii ni Malindi. Malindi hata mimi siku hizi sina mlango wa kubisha. Nakwambia njoo ukae kwangu. Utakuwa mgeni kwanza, kama sisi. Utazoea."

Ghaniya aliinamisha kichwa. Alisikia aibu ya kuwa amekaa na mama huyu miaka yote, akamnunulia dawa za magoti na kumpeleka kwa daktari, na hakuwahi kumuuliza, siku ile ya kwanza ulipotoka nje ulionaje?

Mbele yake, kwa karibu sana, mtu akakohoa. Alikohoa mara moja tu, mdomo umezibwa. Ghaniya hakuinua macho, kwani alihisi kwamba akiinua ataona kitu, na kwamba akishakiona hakutakuwa na kurudi nyuma. Aliyakaza kwenye mikono yake mwenyewe mpaka tramu ilipofika mwisho wa njia na dereva akatangaza kuwa wote washuke.

Bi Asya alishuka kwa shida, akishika chuma. Chini akasimama, akageuka, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni kama anayemsaidia mgonjwa kushuka ngazi. Alingoja mkono ukiwa hewani. Mlango wa tramu ulikuwa na tabia ya kujifunga haraka. Safari hii ulikawia.

Kisha vidole vyake vikafumba.

* * *

Walirudi Oman. Njia nzima Bi Asya alitembea polepole, na viwanja vya ndege vyote viwili aliwataka Ghaniya na Abeer wasimharakishe. Abeer alirudi chuo Nizwa na hakuwahadithia wenzake. Ghaniya alifanya khitma nyumbani Ibra, wakaalikwa majirani, ikapikwa nyama na wali, na walipouliza marehemu amekufa lini Bi Asya aliwajibu kuwa zamani, ila habari ndiyo kwanza imefika. Ghaniya alidhani baada ya khitma mambo yatatulia.

Alasiri moja, Novemba, alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake uani, amekaa kitini kwenye jua jepesi, bakora mkononi. Alikuwa anazungumza. Alikuwa anaelekeza.

"Ukitoka getini," alikuwa akisema, "kushotoni kwa jirani yetu Bi Ghaliya, yule atakuletea kahawa hata kama hutaki. Kulia msikiti. Ukishuka na falaji unafika soko la zamani. Barabara kubwa ile, ukienda huku unashika Sur, kwa rafiki yako Hamdun, bado yuhai. Ukienda huku, Samail mpaka Maskati. Na kwenda Nizwa kwa huyu mtoto Abeer, unapita Sinaw."

Ghaniya alisimama kwenye kizingiti cha jiko, mkoba begani. Uani hapakuwa na mtu mwengine. Palikuwa na mama yake, na kiti cha pili, na ukuta, na kamba ya nguo. Moyo ulimwenda mbio vile vile kama ulivyokwenda pale ngazini. Kuogopa hakukupungua, na alifahamu kuwa pengine hakutapungua kamwe, kwamba nyumba hii sasa itakuwa hivi.

Akavua viatu, akatoka uani, akaketi kwenye ngazi.

"Mama, unampoteza," alisema. "Sinaw ni kuzunguka. Kwenda Nizwa siku hizi tunashika barabara kubwa ya Maskati mpaka njia panda ya Nizwa, ndiyo nyepesi."

Bi Asya akamgeukia.

"Basi mwelekeze wewe," alisema. "Mie barabara mpya sizijui."

Ghaniya akanyoosha mkono kuelekea magharibi, juu ya ukuta, na akaanza tangu getini.